Bahasha ya Shangazi: Pauni Zilizodhaniwa Zimekufa

Shangazi alinipigia simu Jumanne jioni, mwezi wa Machi, wiki mbili baada ya kurudi kutoka Leeds, Uingereza, alikoenda kumtembelea bintiye. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefedheheshwa. Alikuwa ameshuka mjini na bahasha yake ya kaki yenye fedha za kigeni, akaipitisha dirishani katika duka la kubadilisha fedha, na karani akamrudishia kila kitu.

"Mwanangu, zimekataliwa zote. Kuna kijana alinifuata pale nje, akasema atanisaidia. Ananipa elfu ishirini kwa bahasha nzima. Amenipa namba yake. Nimpigie?"

Nilimsihi asimpigie mtu yeyote, aiweke bahasha alipokuwa akiiweka siku zote, nami ningefika kwake Umoja, hapa Nairobi, kesho yake. Naeleza yaliyofuata kwa ruhusa yake, kwa sababu naamini nyumba nyingi za Nairobi zina bahasha kama ile. Iko kabatini, katikati ya Biblia, au ndani ya mfuko wa sanduku la safari, na mwenyewe hajui ina thamani gani.

Kesho yake tuliimwaga mezani na kuipanga mafungu. Fungu la kwanza lilikuwa noti mpya za plastiki za Uingereza: saba za pauni 20, tatu za 10 na moja ya 5. Jumla pauni 175. Fungu la pili lilikuwa noti za karatasi za Uingereza hiyohiyo, zilizobaki kwenye safari yake ya kwanza ya mwaka 2014: nne za 20 na mbili za 10, yaani pauni 100. La tatu lilikuwa noti mbili za pauni 20 zenye maandishi ya Bank of Scotland, ambazo alipewa kama chenji alipokwenda Glasgow kwenye harusi. Halafu kulikuwa na soksi ya mtoto iliyojaa sarafu. Tulizihesabu mara mbili tukapata pauni 31 na peni 60. Pembeni kulikuwa na dola chache za Marekani na shilingi 47,000 za Uganda alizorudi nazo kutoka msibani Mbale.

Pauni peke yake zilikuwa 346 na peni 60. Siku hiyo maduka ya mjini yalikuwa yakinunua pauni kwa shilingi 165. Ukizidisha unapata zaidi ya shilingi 57,000, bila kugusa dola wala fedha za Uganda. Yule kijana alikuwa ametaka kuzichukua zote kwa 20,000.

Mtu anaweza kuuliza, kama bahasha ilikuwa na thamani hiyo, karani aliikataa kwa nini? Kwanza nilidhani ni ujeuri. Baadaye nilipomwomba shangazi anieleze hatua kwa hatua, niliona jambo lenyewe. Alikuwa amefunga noti zote kwa mpira mmoja, na ile iliyokaa juu ilikuwa ya karatasi. Karani aliangalia ya juu, akageuza mbili tatu, akakutana na ile ya Scotland, na nyuma ya shangazi kulikuwa na foleni. Akasema, "Mama, hizi hazichukuliwi." Alimaanisha zile alizoziona. Shangazi akaelewa zote.

Hapa inafaa kujua duka la kubadilisha fedha linaishije. Noti unayowauzia hukaa kwenye droo ikingoja Mnairobi mwingine anayesafiri aje ainunue, au ikusanywe na nyingine ipelekwe kwa mnunuzi mkubwa. Faida yao ni ile tofauti kati ya bei wanayonunulia na wanayouzia. Noti ambayo msafiri wa kesho ataikataa ni mzigo kwao, hata kama ina thamani kamili huko ilikotoka. Kwa hiyo dirishani Nairobi hakuna anayekuhukumia kama pesa yako ni halali au la. Wanaangalia tu kama itapata mnunuzi hapa. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa, na shangazi alikuwa amepoteza usingizi kwa kuyachanganya.

Lakini simlaumu. Wakenya tuna kumbukumbu yetu. Tarehe 1 Juni 2019, siku ya Madaraka, gavana wa Benki Kuu ya Kenya wakati ule, Patrick Njoroge, alitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitaondolewa, na mwisho ukawekwa mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo. Aliyechelewa alibaki na karatasi. Shangazi alikuwa na jirani aliyekuta noti zake za elfu moja chini ya godoro mwezi wa Novemba. Kwa hiyo aliposikia neno "hazichukuliwi", moyo wake ulisema zimekufa kama zile zetu.

Uingereza haiko hivyo, na hapa ndipo nilipofurahi kuliko popote katika kisa hiki. Ni kweli noti ya karatasi ya pauni 10, yenye picha ya Charles Darwin, ilikoma kutumika madukani tarehe 1 Machi 2018. Ile ya karatasi ya 20, yenye Adam Smith, ilifuata tarehe 30 Septemba 2022 pamoja na ya 50. Lakini Benki Kuu ya Uingereza huzikomboa noti zake zote za zamani kwa thamani ileile iliyoandikwa juu yake, bila tarehe ya mwisho. Unaweza kufika kwenye makao yake London, Threadneedle Street, au kuzituma kwa posta pamoja na nakala za kitambulisho. Aliye na akaunti Uingereza huziweka benki yake mwenyewe, na benki nyingi za kule humpokelea mteja wao. Baadhi ya ofisi za posta za Uingereza pia hubadilisha, hadi pauni 300 kwa mtu mmoja katika kila miaka miwili.

Nilipomweleza hayo, shangazi alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali la maana sana: "Kwa hiyo hazina haraka?"

Hazina haraka. Na kitu kisicho na haraka hakiuzwi kwa bei ya kutupa. Wala sikuona sababu ya kuzifunga kwenye barua na kuzituma kutoka Nairobi, pauni 100 taslimu zikapite mikononi mwa watu wangapi sijui. Binti yuko Leeds na ana akaunti ya benki. Shangazi mwenyewe alikuwa anarudi kule Desemba kumsaidia bintiye akijifungua. Noti zile zilikuwa zimeshakaa miaka kumi kwenye Biblia, kungoja miezi tisa zaidi kusingeziumiza.

Zile mbili za Scotland tuliziunganisha na fungu hilo. Watu wengi hawajui kwamba benki tatu za biashara kule, Bank of Scotland, Royal Bank of Scotland na Clydesdale Bank, huchapisha noti zao wenyewe, na benki za Ireland Kaskazini nazo vilevile. Ni pauni kamili. Ukizipeleka benki Uingereza zinapokelewa. Tatizo ni kuzitoa nje ya nchi ile, ambako makarani wengi hawazijui na hawataki kuzijua. Ukipewa chenji ya namna hiyo Glasgow au Edinburgh, ifanye iwe ya kwanza kutoka kwenye pochi yako, ulipe chakula nayo hukohuko.

Nataka kusema neno kuhusu ile Biblia pia. Shangazi ana zaidi ya miaka sabini. Ujana wake wote aliishi chini ya sheria ya kudhibiti fedha za kigeni, wakati Mkenya wa kawaida hakuruhusiwa kukaa na dola au pauni nyumbani kama apendavyo. Maduka ya kubadilisha fedha yalianza kupewa leseni Januari 1995, na sheria ile ikafutwa mwaka huohuo. Kwa sisi vijana hiyo ni historia. Kwake ni mazoea ya mwili: fedha ya kigeni hufichwa, haizungumzwi. Ndiyo sababu hakumwuliza mtu kwa miaka kumi. Nikiona mzee ameficha noti za nje, simwoni mjinga. Nakumbuka alikotoka.

Basi tukarudi kwenye zile pauni 175 za plastiki, ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Hizo ndizo zilizotupa kazi ya kufikiri.

Mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni: tuziuze zote, pesa iliyolala haizai. Shangazi akaniuliza, "Na Desemba nikishuka kwenye ndege, nitapanda gari moshi kwa pesa gani?" Alikuwa sahihi nami nilikuwa nimekimbilia hesabu kabla ya safari. Kaka yake aliyekuwepo alikuwa na maoni ya tatu: azishike zote, pauni huenda ikapanda.

Hilo la kungoja ipande tulilizungumza kwa muda mrefu, kwa sababu linawanasa watu wengi. Januari 2024 pauni ilikuwa imepita shilingi 200 hapa Kenya. Kufikia mwisho wa Machi mwaka huohuo shilingi ilikuwa imepata nguvu, na pauni ikawa chini ya 170. Aliyekuwa na pauni 175 ndani ya Biblia aliona zaidi ya shilingi 5,000 zikiyeyuka kwa miezi miwili bila kufanya kosa lolote. Ingeweza pia kwenda upande mwingine. Mtu mwenye pauni 175 hana sababu ya kucheza mchezo huo. Akisema "nangoja bei", ajue anabashiri, na anabashiri na pesa ya unga.

Swali tuliloliweka mezani lilikuwa jingine: pesa hii itatumika wapi? Ile itakayonunua tikiti ya gari moshi Uingereza haijali shilingi iko wapi leo. Pauni italipa tikiti ya pauni. Ile itakayotumika Umoja haina haja ya kubaki pauni hata siku moja zaidi, kwa sababu kila siku inayobaki inabeba hatari ambayo hailipwi chochote kwa kuibeba.

Tukatenga pauni 60 za kushukia: usafiri kutoka uwanja wa ndege, chakula cha njiani, na akiba kidogo kama bintiye atachelewa kumpokea. Zikabaki 115. Kwa bei ya 165 hizo ni shilingi 18,975. Shangazi alikuwa na mkopo wa Sacco unaotozwa asilimia moja kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Akiziingiza zile fedha kwenye mkopo, anaokoa takriban shilingi 190 kila mwezi, na kufikia Desemba ni kama 1,700. Hata kama angelazimika kuzinunua tena pauni 115 kabla ya kusafiri, duka lilikuwa likiuza kwa 171, kwa hiyo kwenda na kurudi kungemgharimu shilingi sita kwa kila pauni, jumla 690. Bado angebaki na faida ya kama shilingi 1,000.

Kisha yeye mwenyewe akaona jambo ambalo mimi sikuliona. Zile noti "zilizokufa", pauni 100 za karatasi na 40 za Scotland, ndizo zingekuwa pesa yake ya matumizi Desemba, bintiye akishazipeleka benki. Hakuwa na haja ya kununua pauni yoyote tena.

Siku ya kuuza tulikwenda pamoja. Kabla ya kutoka nyumbani niliangalia kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Kenya kiwango cha siku, na pia orodha ya maduka yenye leseni. Kile kiwango cha Benki Kuu si bei utakayopewa, lakini ukikijua huwezi kudanganywa sana. Pale Mtaa wa Kimathi na Kenyatta Avenue maduka yamekaribiana, na dakika kumi za kutembea zilitosha kuuliza matatu. Shangazi awali alikuwa akisoma safu isiyo yake kwenye ubao, ile ya bei wanayouzia, na akadhani anapunjwa. Safu yako wewe unayerudi safari ni ile ya kununua, kwa maana wao ndio wanaonunua. Siku zote ndiyo ndogo.

Tuliuliza maswali mawili kabla ya kutoa noti: mnanunua pauni hizi za plastiki kwa ngapi, na je, kuna ada nyingine? Tukatoa kitambulisho, tukahesabu shilingi palepale dirishani, tukachukua risiti. Hakuna zaidi. Siku aliyotua, shangazi alikuwa amepewa bei ya 153 katika duka moja la uwanjani akakataa kwa sababu ya uchovu tu. Uchovu ule ulimsaidia. Tofauti ya shilingi 12 kwa pauni 175 ni shilingi 2,100.

Sarafu ni habari nyingine, na ni habari ya kuhuzunisha kidogo. Hakuna duka mjini lililotaka hata kuziangalia. Sarafu ni nzito, kuzisafirisha kunagharimu kuliko zinavyoleta, na msafiri anayenunua pauni Nairobi hataki mfuko wa chuma. Kwa hiyo sarafu hufa mpakani zaidi kuliko noti. Mahali pa kuzimaliza ni kulekule, siku ya mwisho. Mashine nyingi za kujilipia kwenye supamaketi za Uingereza hupokea sarafu: unamimina ulizo nazo, kinachobaki unalipa kwa kadi au noti. Ukisahau, baadhi ya ndege hupitisha bahasha za UNICEF za mpango wa Change for Good, ulioanza mwaka 1987, unaokusanya sarafu na noti za nchi yoyote kwa ajili ya watoto. Cathay Pacific, Qantas na Aer Lingus ni miongoni mwa mashirika yaliyoshiriki. Shangazi angetoa kwa furaha, lakini kwenye ndege aliyopanda hakuona bahasha.

Tulipozichambua tulikuta nne za pauni moja zilizo za mviringo kamili. Hizo zilikoma madukani tarehe 15 Oktoba 2017, baada ya ile mpya yenye pembe kumi na mbili kutoka. Benki za kule bado huweza kuziingiza kwenye akaunti ya mteja. Tukazifunga kando kwa karatasi, zilizobaki zikarudi kwenye soksi, zote zikingoja Desemba.

Dola zilikuwa chache ila zina somo lake. Alikuwa na noti ya 50 safi, tukaiuza bila neno. Alikuwa na noti tisa za dola moja moja, na hapo bei ilishuka sana, kwa sababu maduka ya hapa hununua noti ndogo kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100. Nikamshauri akae nazo kwa ajili ya maji na chai akiwa njiani kwenye viwanja vya ndege. Ya mwisho ilikuwa ya dola 20 yenye picha ndogo ya zamani, ya kabla ya muundo uliotoka mwaka 1998. Marekani haijawahi kuifuta, inatumika kule hadi leo. Lakini Nairobi hakuna aliyeigusa, wanaogopa bandia na wanajua wateja wao wanaokwenda Dubai wataikataa. Ilirudi kwenye Biblia. Zile za Uganda zilichukuliwa mara moja kwa kama shilingi 1,600. Mabasi ya Kampala yanaondoka mjini kila siku, wanunuzi hawakosekani.

Kuhusu yule kijana wa nje, sitaki kupunguza maneno. Alimwona mama mzee ametoka dirishani na uso umeanguka, akajua wakati ni wake. Kubadilisha fedha ni biashara ya leseni, na sababu yake inaonekana hapahapa: hana ubao wa bei, hana risiti, na akikupa shilingi bandia huna mahali pa kurudi. Namba ya simu aliyompa shangazi niliifuta mwenyewe, kwa idhini yake.

Si kila bahasha ingeisha vizuri hivi. Wako Wakenya wengi wanaorudi kutoka matibabuni India wakiwa na rupia. Noti za zamani za rupia 500 na 1,000 zilifutwa ghafla tarehe 8 Novemba 2016, na leo hazikombolewi kama pauni ya karatasi. Kila nchi ina sheria yake kuhusu noti zake za zamani, na inafaa kuitafuta kwenye tovuti ya benki kuu ya nchi hiyo kabla ya kumsikiliza mtu yeyote wa Nairobi, mimi nikiwemo.

Desemba shangazi alisafiri. Zile pauni 60 zilimfikisha hadi mlangoni kwa bintiye. Wiki ya pili binti alipeleka benki noti za karatasi, zile za Scotland na zile sarafu nne za mviringo, zote zikaingia kwenye akaunti, na jioni yake akampa mamake pauni 144 mkononi. Soksi ya sarafu iliisha kwa nauli za basi na maziwa ya dukani. Kabla ya kurudi alinitumia picha: bahasha mbili mpya, moja ameandika kwa kalamu "Umoja", nyingine "Leeds". Ya pili alimwachia bintiye.

Dola 20 bado iko kwenye Biblia. Kuna mtoto wa kanisani kwake anayekwenda Marekani masomoni mwezi wa Agosti, na ameshaambiwa ni yake.